Unapasuliwa mshipa wa mguu? Kuzuia damu kunaanzia kwako

Chukulia umelazwa wodini. Mguu wa kulia umekusumbua miezi mingi. Mwanzoni ulikuwa unabana kwenye shavu la mguu unapotembea kwenda kituo cha daladala. Ukisimama kidogo, maumivu yanapoa. Baadaye ukaanza kuuma usiku, hadi ukazoea kulala umeuning'iniza pembeni ya kitanda. Sasa kidole gumba kimekuwa cheusi na kidonda hakifungi. Daktari bingwa amekupima na kukuambia kwamba mshipa unaopeleka damu mguuni umeziba. Atakuwekea njia nyingine ya kupitisha damu, la sivyo mguu huenda ukakatwa.

Jioni, siku moja kabla ya upasuaji, anakuja mtaalamu wa usingizi na fomu yake. Anakuuliza, "Mzee, kuna dawa yoyote unatumia?" Unamjibu, "Za kisukari na presha tu." Hukumtajia aspirini uliyoandikiwa mwaka jana, wala vidonge vya maumivu unavyonunua duka la dawa kila wiki, wala chupa ya mitishamba aliyokuletea shemeji yako. Pengine unaona ni mambo madogo. Pengine unaogopa kugombezwa.

Makala ya leo inahusu jibu hilo fupi. Wagonjwa wengi wanaopangiwa upasuaji wa mishipa ya miguu huuliza swali moja: "Daktari, damu haitamwagika nyingi?" Ni swali la haki, kwa sababu hapa daktari anafungua mshipa mkubwa wenye damu inayosukumwa na moyo. Lakini watu wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya kuzuia damu isimwagike hufanyika kabla ya kisu, na sehemu hiyo iko mikononi mwa mgonjwa na familia yake.

Njia ya mchepuko mguuni

Damu yenye oksijeni hutoka kwenye moyo na kushuka miguuni kupitia mishipa iitwayo ateri. Mshipa mkubwa unapita kwenye kinena, unashuka ndani ya paja, unapita nyuma ya goti, kisha unagawanyika kuelekea unyayoni. Sigara, kisukari, shinikizo la juu la damu na wingi wa lehemu huharibu kuta za ndani za mishipa hiyo. Utando mgumu hujijenga taratibu, njia inakuwa nyembamba, na mwisho inaziba.

Barabara inapofungwa kwa ujenzi, magari hupitishwa kwenye barabara ya mchepuko. Madaktari hufanya hivyo hivyo. Wanaunganisha mrija mpya juu ya sehemu iliyoziba na kuushusha hadi chini yake, ili damu izunguke kizuizi na kufika unyayoni. Mrija unaopendelewa zaidi ni mshipa wako mwenyewe wa aina ya vena, ule unaopita chini ya ngozi upande wa ndani wa mguu kutoka kwenye kifundo hadi kwenye kinena. Ukikosekana au usipofaa, hutumika mrija wa kutengenezwa kiwandani.

Upasuaji huu si mgeni. Mwaka 1948, jijini Paris, daktari wa upasuaji Jean Kunlin alitumia vena ya mgonjwa kupitisha damu kuzunguka ateri ya paja iliyoziba. Kabla yake, mwanzoni mwa karne ya 20, Mfaransa Alexis Carrel alikuwa ameonyesha namna ya kushona mishipa ya damu bila kuivujisha wala kuiziba, kazi iliyomletea Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Madaktari wa leo bado wanafuata misingi ya mafundi hao.

Damu inalainishwa kwa makusudi

Jambo linalowashangaza wagonjwa wengi ni hili: katikati ya upasuaji, daktari anaagiza upewe dawa ya kuzuia damu isigande.

Sababu ni kwamba ili ashone mrija mpya, lazima afunge mshipa kwa muda kwa vibanio. Damu iliyosimama huganda. Ikiganda ndani ya mshipa uliofungwa, au ndani ya mrija mpya, upasuaji wote unakuwa kazi bure na mguu unakuwa hatarini zaidi kuliko ulivyoingia. Kwa hiyo, dakika chache kabla ya kufunga mshipa, unachomwa dawa iitwayo heparini kupitia dripu. Kiasi chake hupimwa kwa uzito wako, mara nyingi uniti 70 hadi 100 kwa kila kilo. Dawa hii ilianza kugunduliwa mwaka 1916 jijini Baltimore, Marekani, na mwanafunzi wa udaktari Jay McLean akiwa katika maabara ya William Howell.

Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo. Daktari anatakiwa kuifanya damu isigande ndani ya mshipa, na wakati huo huo isivuje kwenye mshono. Akilainisha kupita kiasi, unapoteza damu. Akigandisha kupita kiasi, njia mpya inaziba. Mizani hiyo ndiyo anayoishikilia kwa saa tatu, nne au zaidi.

Sasa fikiria kama ulikuja na dawa nyingine za kulainisha damu mwilini na hukusema. Daktari anaanza na mizani ambayo tayari imelalia upande mmoja, naye hajui.

Damu inazuiwaje hatua kwa hatua?

Ni vizuri ujue kinachofanyika ukiwa umelala, ili usiingie na hofu isiyo na sababu.

Kwanza, ngozi inapofunguliwa kwenye kinena na karibu na goti, vimishipa vidogo vinavyovuja hufungwa kwa uzi au kuunguzwa kwa kifaa cha umeme. Njia ambamo mrija mpya utapita chini ya ngozi au kati ya misuli mara nyingi huchimbwa kabla ya heparini kutolewa, kwa kuwa ndani humo daktari haoni kila kimshipa kinachovuja.

Pili, vena inayochukuliwa ina matawi mengi. Kila tawi hufungwa kwa uzi au kwa kibanio kidogo cha chuma. Kisha vena hujazwa maji ya chumvi yenye heparini, kama unavyojaza maji mpira wa bustani kutafuta ulipotoboka. Palipovuja panashonwa kabla mrija haujawekwa mahali pake.

Tatu, ateri yenyewe hudhibitiwa. Kabla ya kuichana, daktari huzungushia mikanda laini juu na chini ya sehemu anayotaka kufungua, na kwenye matawi yake, kisha huweka vibanio. Kwa wagonjwa wa kisukari cha miaka mingi au figo, ukuta wa ateri unaweza kuwa mgumu kama ganda la yai kwa sababu ya chokaa. Ukiubana kwa nguvu unapasuka. Hapo daktari anaweza kutumia puto dogo linalozibia kwa ndani, au kufunga paja kwa mkanda wa hewa unaosimamisha damu kwa muda.

Nne ni mshono. Hushonwa kwa uzi wa plastiki mwembamba unaokaribiana na unywele, na mara nyingi daktari huvaa miwani ya kukuza. Vibanio vinapofunguliwa, si ajabu kuona damu ikitoka taratibu kwenye matundu ya sindano, hasa kama mrija ni wa kiwandani. Dawa ya kwanza hapo ni shashi, kidole na subira. Hukandamizwa kwa dakika kadhaa bila kuchungulia. Pasipokauka, huongezwa uzi mmoja, au hufunikwa kwa kitambaa maalumu au sponji inayosaidia damu kuganda, kisha mwili wenyewe unaimeza.

Tano, nguvu ya heparini hupungua yenyewe baada ya muda. Kama bado damu inavuja, daktari anaweza kuagiza dawa ya kuizima iitwayo protamini. Wengine huitumia kwa kawaida, wengine kwa tahadhari, kwa kuwa hawataki kuigandisha damu ndani ya mrija mpya.

Kuna neno hapa kwa wagonjwa wa kisukari. Protamini hutokana na samaki, na pia imo ndani ya insulini ile ya rangi ya maziwa, ambayo lazima uizungushe taratibu kabla ya kujichoma. Mtu aliyeitumia insulini hiyo, au mwenye mzio wa samaki, anaweza kupata mzio wa ghafla akipewa protamini. Haitokei kwa kila mtu, lakini daktari wa usingizi akijua mapema ataitoa taratibu na atajiandaa. Kwa hiyo usiseme tu "nachoma insulini". Taja aina yake, au bora zaidi, njoo na kichupa chake.

Sita, wataalamu wanakukinga na baridi. Mwili ukipoa, damu haigandi vizuri. Ndiyo maana utaona unafunikwa blanketi la joto na kuwekewa dripu zilizopashwa moto, hata kama nje ni joto la Dar es Salaam.

Maswali ambayo usiyakwepe

Turudi kwa yule mtaalamu wa usingizi na fomu yake. Haya ndiyo anayotaka kusikia, hata kama hakuuliza moja moja.

Aspirini, klopidogreli, wafarini, rivaroksabani na dawa nyingine za kulainisha damu. Sema jina, kiasi, na lini mara ya mwisho umemeza. Kama hujui jina, leta pakiti.

Dawa za maumivu. Mtu mwenye mguu unaouma usiku hatakosa diklofenaki au ibuprofeni mfukoni. Dawa hizi hupunguza uwezo wa chembe sahani za damu kushikana na kuziba tundu. Zinaweza pia kuumiza figo na kusababisha vidonda vya tumbo vinavyovuja damu kimyakimya.

Mitishamba na virutubisho. Vidonge vya kitunguu saumu, tangawizi na ginko vinaweza kuongeza uvujaji. Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi si tatizo. Kinachozungumzwa hapa ni dozi kubwa za kila siku. Na kama ni chupa isiyo na jina, sema hivyo hivyo: "Natumia dawa ya kienyeji, sijui ndani kuna nini." Daktari mwenye busara hatakucheka.

Historia ya kutokwa damu. Hapa wazazi mna kazi, kwa sababu mengi mnayakumbuka ninyi kuliko mgonjwa. Alipotahiriwa, damu ilichukua muda gani kukata? Aling'oa jino akalala hospitali? Je, hupata michubuko mikubwa kwa kugongwa kidogo, au pua kutoka damu mara kwa mara? Binti hutokwa hedhi nzito kuliko kawaida? Kuna mjomba aliyefariki kwa kutokwa damu baada ya jeraha dogo? Yapo magonjwa ya kurithi yanayofanya damu isigande, na baadhi hayajulikani mpaka siku ya kisu.

Ini na figo. Ini ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya vitu vinavyogandisha damu. Figo zikichoka, chembe sahani hazifanyi kazi ipasavyo. Kama unakunywa pombe sana, au uliwahi kuambiwa una homa ya ini, hiyo nayo ni taarifa ya upasuaji.

Kuna hatari nyingine ya kuficha. Upasuaji wa mguu mara nyingi unaweza kufanyika kwa sindano ya ganzi ya mgongoni. Kama una dawa kali ya kulainisha damu mwilini na hakuna anayejua, sindano hiyo inaweza kusababisha damu kuvuja karibu na uti wa mgongo na kuubana. Ni tukio la nadra, lakini linaweza kumwacha mtu amepooza. Uliingia kuokoa mguu mmoja, ukatoka huwezi kusimama kwa yote miwili.

Usijiachishe dawa mwenyewe

Baada ya kusoma haya, usikimbilie kutupa vidonge vyako. Hilo nalo ni kosa, na linaweza kuwa kubwa zaidi.

Mtu mwenye ateri zilizoziba mguuni mara nyingi ana mishipa ya moyo na ubongo iliyoanza kuharibika pia. Aspirini ndiyo inayomkinga na shambulio la moyo na kiharusi. Kwa kawaida madaktari humwacha aendelee na aspirini hadi siku ya upasuaji, kwa kuwa faida yake ni kubwa kuliko damu kidogo itakayoongezeka. Wafarini kwa kawaida husimamishwa siku tano kabla, na wakati mwingine huwekwa sindano ya heparini kuziba pengo. Klopidogreli inaweza kusimamishwa au kuendelea, kutegemea hali yako. Dawa mpya za kuzuia damu kuganda hutegemea sana uzima wa figo zako.

Umeona? Kila dawa ina hesabu yake. Kazi yako ni kusema. Kuamua ipi iachwe na lini ni kazi ya daktari. Mwombe akuandikie kwenye karatasi: dawa ipi naacha, tarehe gani, na lini naanza tena.

Ongeza damu yako kabla hujaomba ya mwingine

Mtu mzima ana takriban lita tano za damu. Anayeingia chumba cha upasuaji akiwa na upungufu wa damu ana akiba ndogo, na hata uvujaji wa kawaida unamlazimu kuongezewa. Vidonda vya muda mrefu, figo na lishe duni huwafanya wagonjwa wengi wa miguu kuwa na damu kidogo.

Kama upasuaji wako si wa dharura, uliza wiki kadhaa kabla: "Damu yangu ni ngapi?" Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mwanamume aliye chini ya gramu 13 na mwanamke asiye mjamzito aliye chini ya gramu 12 kwa desilita wana upungufu. Ukiandikiwa vidonge vya madini ya chuma, vimeze na maji au juisi ya machungwa, si na chai, maana chai huzuia chuma kufyonzwa. Maini, dagaa, maharage na mboga za majani visikose mezani, na mgonjwa wa kisukari afuate mpangilio wake wa mlo.

Kisha kuna suala la wachangiaji. Wodini ndugu huambiwa, "Tunahitaji watu wawili wa kuchangia damu." Kwa nyumba nyingi hapo ndipo mzozo huanza. Mmoja ana safari, mwingine anaogopa sindano, wa tatu anadhani damu itauzwa.

Tuelewane. Damu haitengenezwi kiwandani. Hutoka kwa mtu. Hapa nchini hukusanywa chini ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama na hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende kabla ya kupewa mgonjwa. Mchangiaji anatakiwa awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Kinachochukuliwa ni chini ya nusu lita, na mwili hurudisha. Damu uliyochangia si lazima iwekwe kwa ndugu yako. Inaingia kwenye benki ya damu, naye anapewa inayomfaa. Chembe sahani hukaa siku tano tu, ndiyo maana benki haiwezi kuzilimbikiza kama mchele ghalani.

Nendeni mapema, msisubiri simu ya usiku. Na kama imani yako hairuhusu kuongezewa damu, sema siku ya kwanza ya kliniki. Zipo njia za kupunguza uvujaji, na katika baadhi ya hospitali zipo mashine zinazookoa damu yako mwenyewe wakati wa upasuaji na kukurudishia. Hayo yote yanataka maandalizi.

Kwa wazazi wa vijana wa bodaboda

Si kila mshipa wa mguu unaharibiwa na sigara au kisukari. Kijana akianguka na pikipiki na goti likateguka, ateri inayopita nyuma ya goti inaweza kukatika au kuchanika ndani bila hata ngozi kupasuka. Naye anaweza kuhitaji njia ya mchepuko, na mara nyingi vena huchukuliwa kutoka mguu wa pili uliosalimika.

Hapa muda ndio mguu. Misuli isiyopata damu huanza kuharibika, na baada ya takriban saa sita uwezekano wa kuuokoa mguu hushuka sana. Kama mguu wa mwanao ni wa baridi, umepauka, hausikii ukiguswa au vidole havisogei, mwambie daktari wa kwanza mnayemkuta: "Mguu ni wa baridi." Usikubali kupelekwa kwanza kwa fundi wa kuunga mifupa.

Kama damu inaruka, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na kiganja, kwa nguvu, bila kuachia kila mara kuangalia. Usimwagie mafuta ya taa, majivu, kahawa wala udongo. Ikishindikana kabisa na damu inaendelea kuruka, funga kwa kitambaa kipana juu ya jeraha, kaza hadi damu isimame, andika saa uliyofunga, na mkimbize hospitali. Usitumie waya wala kamba nyembamba.

Katika ajali, daktari anaweza kuamua kutotumia heparini ya mwili mzima, hasa kama kijana amegonga kichwa au ana majeraha mengine yanayoweza kuvuja. Kwa hiyo, msifiche kwamba alipoteza fahamu, hata kwa dakika moja. Wala msifiche kwamba alikuwa amekunywa.

Ukitoka chumba cha upasuaji

Saa 24 za mwanzo muuguzi atakuja mara kwa mara kupima presha, kugusa unyayo, kuangalia bandeji na mirija ya kutolea majimaji. Usikasirike kuamshwa. Presha ikipanda sana mshono unaweza kuvuja; ikishuka sana njia mpya inaweza kuziba. Mwite muuguzi mara moja ukiona bandeji inalowa, uvimbe unaokua kwenye kinena au paja, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, au unyayo umekuwa baridi ghafla.

Nyumbani, kuna dalili moja ambayo kila familia inapaswa kuijua. Kidonda cha kinena kinachotoa usaha, harufu au homa, kisha siku moja kikatoa damu kidogo na kukauka chenyewe, si kidonda kinachopona. Inaweza kuwa mshono wa ndani umeshambuliwa na vijidudu, na hiyo damu kidogo ni onyo la damu nyingi inayokuja. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa aliyewekewa mrija wa kiwandani. Usingoje kliniki ya wiki ijayo. Mlaze mgonjwa, na kama damu inatoka kandamiza kwa kiganja, kisha mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Na aspirini? Wengi huandikiwa waitumie maisha yao yote, pamoja na dawa ya lehemu. Ukienda kung'oa jino, usiiache kwa ushauri wa jirani. Mwambie daktari wa meno una njia mpya ya damu mguuni, na awasiliane na daktari wako. Sigara iache kabisa, kwa sababu itaziba njia mpya kama ilivyoziba ya zamani.

Kabla hujasaini fomu

Leo jioni, kama wewe au mzazi wako amepangiwa upasuaji huu, chukueni mfuko mmoja. Wekeni ndani kila kidonge, kila sindano, kila chupa ya shemeji na kila pakiti tupu iliyo chini ya mto. Mfuko huo nendeni nao wodini. Mtaalamu wa usingizi akiuliza, "Kuna dawa yoyote unatumia?", usijibu kwa kichwa. Mimina mezani.

Kisha muulizeni daktari maswali manne: Damu yangu inatosha? Ipi kati ya dawa hizi naacha na lini? Damu ya akiba imeandaliwa? Nikirudi nyumbani damu ikitoka, nimpigie nani?

Mikono ya daktari itafanya kazi yake juu ya meza. Lakini mizani yake inaanza na kile utakachomwambia. Kumtajia dawa zako zote kunachukua dakika tano tu, na dakika hizo zinaweza kuokoa mguu, au hata maisha yako.